Mabati Yenye Ugonjwa wa Joto

Saa nane za mchana, Kisangani, hata mbwa hana la kusema. Saa hiyo Emile alikuwa anapita mtaa wa Makiso nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, miguu ameining'iniza upande mmoja ili mnyororo usile viatu vyake vya ngozi ya mamba, alipomwona Papa Patrice ameketi barabarani.

Papa Patrice ni mfanyabiashara wa mabati. Nusu ya mji inanyeshewa mvua chini ya bati lake, na nusu nyingine inamdai bati. Mwaka juzi alijijengea nyumba ya ghorofa, kioo mbele, kioo nyuma, juu mabati meusi tii. Siku ilipomalizika, watu walitoka hata Mangobo kuja kujitazama ukutani na kuchana nywele. Sasa mwenye nyumba alikuwa nje, juu ya kreti tupu la bia, amejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, singlendi imemganda mgongoni, anajipepea kwa karatasi kubwa. Emile alikaza macho. Karatasi ile ilikuwa ramani ya nyumba yenyewe.

"Simamisha," alimwambia mwenye baiskeli. "Mungu ananiita."

Mungu hakuwa amemwita, tuseme kweli mapema. Emile alifika Kisangani kutoka Kindu miaka tisa iliyopita akiwa na begi na ulimi. Begi liliibwa bandarini siku ileile. Ulimi ukabaki, na ndio umemlisha tangu hapo. Mwaka juzi alikuwa daktari wa simu zilizoanguka majini, mwaka jana mwakilishi wa kiwanda cha miwani ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona, hata kwa miwani yake.

Lakini tusimhukumu haraka, maana safari hii alikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliitwa Chancelle. Alikuwa fundi wa nguo, mwenye macho ya kupima mtu bila futi. Emile alimpenda mpaka akaanza kusema kweli mara mbili kwa wiki. Baba wa binti, Tonton Jérémie, mtumishi wa serikali kutoka Bukavu, alikuwa ametoa sharti moja. Katika ukoo wao, maneno ya mahari yanasemwa nyumbani kwa mwanamume, na yakianza, hakuna wa kusimama mpaka yaishe. Akisimama yeyote, wa upande wowote, posa imekufa. Na Tonton Jérémie husoma kila neno kutoka kwenye karatasi, mara mbili.

"Utatupokea kwako," alikuwa amemwambia Emile. "Nyumba ya kweli. Siyo kile kibanda chako cha maturubai. Nakupa mpaka Pasaka."

Basi unaelewa kwa nini Emile alipoona mabati, aliona harusi.

"Mbote, papa. Pole sana."

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, papa. Bado." Emile aliisogelea ile nyumba ya kioo, akaweka kiganja ukutani, akakitoa haraka, akatega sikio kwenye kioo, akatikisa kichwa kama nesi wa zamu. "Nyumba yako iko na homa. Imeingia kwa mabati, inashuka kwa vioo. Ile joto ya nje, tunaivumilia. Hii ya ndani, aah non, hii ni ugonjwa."

"We ni nani?"

"Ingénieur Emile. Mi nafanya ubaridi tu. Kazi ingine sijui."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli: kazi nyingine hakujua.

Papa Patrice alimtazama kwa macho yake madogo, macho ya mtu ambaye ametumia maisha yake yote kujua unene wa bati kwa kulitazama ukingoni. "Climatiseur, zile mashine za baridi, niko nazo tatu," alisema. "Courant ya umeme ikienda, zinabaki picha kwa ukuta. Bibi yangu amerudi kwa mama yake, kule Isangi. Ameniambia nikitaka kumuona, nimuletee nyumba ya kibinadamu."

"Kesho, papa, nakupeleka pahali hakuna climatiseur, hakuna courant. Utaomba koti."

Pahali penyewe palikuwa ng'ambo ya mto, Lubunga, kwa Maman Viviane, jirani wa Emile. Alikuwa mjane, mwenyeji wa Yanonge, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani. Nyumba yake aliijenga kwa mikono na miguu yake: kuta nene za potopoto, yaani udongo wa kukanyagwa, paa refu la majani ya mangungu lililoshuka chini mpaka mgeni lazima ainame, mwanya chini ya kipeo, mlango unaotazama mto, na mti wa safou ukiikinga upande wa magharibi. Watu wa mjini waliiita nyumba ya maskini. Maman Viviane hakubishana nao. Mchana wao walikuwa wanatoka jasho, yeye alikuwa amelala.

Asubuhi Emile aliingia kwake amebeba bonge la barafu kutoka kwa wauza samaki, limefungwa ndani ya gunia.

"Hii barafu ni ya nini?" Maman Viviane aliuliza.

"Ya kuleta baridi, maman. Naificha juu, kwa paa."

"Emile, tumekaa majirani miaka tano. Umeisha kuona mi nanunua barafu?"

"Maman, tajiri hawezi kuamini kitu kama hakina siri. Nikipata kazi, we utasimamia batu ya potopoto. Utakula vizuri."

Maman Viviane alifikiri, huku akifunga kwanga. "Kazi, ndiyo, naitaka. Uongo ni wako peke yako. Mi siko ndani."

Saa nane kamili Papa Patrice aliinama, akaingia. Alisimama katikati ya chumba, akafumba macho. Jasho lilikauka usoni mwake, na mabega yakashuka. Kisha tone la maji likamwangukia kwenye upara. Akalipangusa, akanusa kidole.

"Inanuka samaki ya mpiodi."

"Ni ubaridi ya asili, papa!" Emile alidakia. "Inatoka kwa mto, inapita kwa majani, inajikusanya. Kitaalamu tunaiita matone ya fraîcheur."

Papa Patrice alitazama juu kwenye majani. Alimgeukia Maman Viviane. "Maman, hii majani si ndiyo ya kufunga kwanga?"

"Ndiyo yenyewe, papa. Inabadilishwa kila miaka tatu, isiposhikwa na moto."

"Na hii tundu kule juu?"

"Joto linapanda kama moshi. Ukilifungia njia, linakaa na wewe. Ukilifungulia, linaenda. Jua linatoka pale, linalala kule, donc kule naweka ukuta bila dirisha, na mti. Basi."

"Maman anasema kienyeji," Emile aliingilia kwa haraka, maana elimu ya bure huua biashara. "Kwa vitabu ni mambo ya thermo-mzunguko."

Lakini Papa Patrice alikuwa ameshajilaza mkekani. Alikoroma saa mbili nzima. Alipoamka alikuwa mtu mwingine, mashavu yamemrudi mahali pake.

"Nataka hii," alisema. "Kwangu. Makiso."

Emile alijisogeza karibu naye. Hapo ndipo kazi ilipokuwa imefika, na alitaka kulisema neno lake polepole, kwa huzuni.

"Inawezekana, papa. Ila ile ya zamani lazima itoke. Mabati yote, vioo vyote. Vimeambukizwa. Ukibakisha hata bati moja, joto litarudi kumutafuta ndugu yake."

"Yote?"

"Yote, papa."

"Nani atayabeba? Batu wataogopa ugonjwa."

"Mi mwenyewe. Nitayavusha mto, nitayazika mbali."

"Na pesa ya mitumbwi?"

"Juu yangu."

"Na mafundi ya kubomoa?"

"Juu yangu, papa. Kazi ya ubaridi ni wito."

Papa Patrice alipumua kwa nguvu, akafunika uso wake kwa ile ramani aliyokuja akijipepea, mabega yakamtetemeka. Emile alimhurumia kidogo. Si rahisi mtu kuaga nyumba yake. "Bon," Papa Patrice alisema kutoka nyuma ya karatasi. "Beba na misumari. Shika na hii ramani, sitaki kuiona tena."

Ewe msomaji, umeshawahi kusikia mtu anaibiwa nyumba nzima kisha anamkabidhi mwizi ramani? Emile hakuwahi. Usiku ule alicheka peke yake mpaka Maman Viviane akagonga ukuta.

Wiki iliyofuata alitoa akiba yake yote, ile ya mbuzi na vitenge vya ukwe, akalipa mafundi wa kubomoa na mitumbwi ya mota. Safari kumi na mbili zilivuka mto zimebeba mabati meusi, na ya kumi na tatu ilibeba vioo vilivyofungwa kwa magodoro. Papa Patrice alisimama bandarini mwenyewe kuhakikisha hakuna kilichosahaulika. Bati moja lilipoangushwa ufukweni, alikimbia nalo mpaka mtumbwini.

Huko Makiso, Maman Viviane alichimba shimo la udongo, akamwagia maji, akapandisha kitambaa chake mpaka magotini. Watu walikuja kwa wingi, wengine kwa kazi, wengine kwa kushangaa, na wengi wao walikuwa matajiri wenzake Papa Patrice waliotaka kuona kama amerukwa na akili. Maman Viviane aliwasimamisha wote.

"Kwetu kuna neno moja," alisema. "Mguu usiokanyaga potopoto haupandi barza. Anayetaka kukaa ndani ya hii nyumba siku ingine, avue viatu leo. Tajiri, maskini, sijui. Udongo haujui suti."

Papa Patrice alivua soksi wa kwanza. Wakafuata muuza saruji, mwenye duka la dawa na mheshimiwa mmoja asiyetaka kutajwa, suruali zimekunjwa, matope mpaka kwenye mashavu ya miguu, wanaimba. Mmoja tu ndiye hakuingia. Emile aliketi chini ya mwavuli, mguu juu ya mguu, viatu vya mamba vinang'aa.

"Ingénieur, huingii?" Maman Viviane aliuliza.

"Ingénieur anaelekeza, maman. Mamba na matope ni mambo ya mtoni."

"Sawa. Usiseme sikukuambia."

Mwezi wa pili haujaisha, na ng'ambo, Lubunga, kwenye kiwanja cha Emile, ilikuwa imesimama nyumba ya kioo, mabati meusi juu, kufuata ramani ileile. Kwenye mpaka palikuwa na ule mti wa safou, na nusu ya matawi yake ilikuwa inafunika kioo cha mbele. Emile aliukata upande wake wote, ili nyumba ionekane tangu bandarini. Maman Viviane alisimama akitazama matawi yanavyoanguka, uchungu umemjaa, akasema neno moja tu la kwao ambalo sitalitafsiri.

Bado kitu kimoja kilikosekana. Emile hakuwa na mzee wa kumsemea. Ndugu zake walikuwa Kindu, na waliobaki hawakumtaka. Akaenda kwa nani? Kwa Papa Patrice! Alimkuta amelala kwenye barza yake mpya, mke wake amerudi kutoka Isangi, anamenya ndizi za lituma pembeni na kuimba.

"Kukusemea?" Papa Patrice alisema. "Mutoto, baada ya yale umenifanyia? Nitakuja mbio."

Jibu la mabati Emile alikuwa nalo tayari, kwamba yamepona, lakini hakuulizwa. Alitoka pale akisikitikia upumbavu wa matajiri.

Jumamosi ya ugeni, Tonton Jérémie alifika saa sita na nusu, koti la suti, tai, nywele zimepakwa rangi nyeusi mpya, nyuma yake mashangazi wanne na Chancelle ndani ya kitenge alichojishonea. Walitazama nyumba. Shangazi mmoja alirekebisha kilemba chake kwenye kioo cha ukuta. Tonton Jérémie alitikisa kichwa kwa heshima.

"Hii ni nyumba," alisema.

Waliingia, wakaketi kwenye viti vya plastiki. Papa Patrice aliketi karibu na mlango, cha ajabu, amevaa shati jepesi la mikono mifupi na ameshika pepeo la majani. Tonton Jérémie alifungua karatasi. Zilikuwa kumi na moja.

"Maneno yameanza," alitangaza. "Hakuna kusimama."

Ukurasa wa kwanza ulipita vizuri. Ukurasa wa pili, mabati yakaanza kulia juu, ka, ka, ka, yanatanuka. Kwenye ukurasa wa tatu shangazi mkubwa aliuliza kama dirisha linaweza kufunguliwa. Emile alieleza kwa sauti ya chini kwamba vioo vile havina bawaba, vilitengenezwa kwa ajili ya kutazamwa. Ukurasa wa nne, rangi ya nywele za Tonton Jérémie ilianza kushuka, mstari mmoja mweusi kila upande wa uso, lakini mtumishi wa serikali ni mtumishi wa serikali. Alisoma na mstari ukapita mdomoni. Ukurasa wa tano, miguu ya kiti cha shangazi mdogo ililegea, akashuka polepole mpaka chini bila kusimama, na wote wakampongeza kimoyomoyo.

Emile alikuwa anaona nyota. Mkono ulishika ukingo wa kiti wenyewe, magoti yakaanza kujikunjua. Papa Patrice akambonyeza begani.

"Kaa, mutoto. Ukisimama, bibi amekwenda."

"Papa, nakufa."

"Kufa ukikaa."

Chancelle alimtazama. Aliona macho yamemgeuka meupe, na moyo ukamuuma kweli, maana alimpenda yule mwongo, shauri yake. Akatazama nje, akaona kivuli cha barza ya Maman Viviane, hatua ishirini tu.

"Papa," alimwambia baba yake, "desturi inakataza kusimama. Inakataza kusogea?"

Tonton Jérémie alifikiri, matone meusi yakidondoka kwenye ukurasa wa sita. Alikagua desturi yote ya ukoo kichwani. "Kusogea," alisema mwishowe kwa sauti kavu, "hakukutajwa."

Basi watu wa Lubunga waliona siku ile kitu wanachosimulia mpaka leo. Mlango wa nyumba ya kioo ulifunguliwa, wakatoka watu wanane wamekaa. Kila mmoja ameshika kiti chake chini ya makalio, anaruka kidogo kidogo uwanjani, kpa, kpa, kpa, kama vyura wenye heshima zao. Shangazi mdogo, asiye na kiti, alisota. Tonton Jérémie aliongoza, karatasi mdomoni.

Maman Viviane alikuwa kando ya barza yake, ndani ya shimo la udongo. Alikuwa anaongeza jiko. Aliwatazama mpaka wakafika, akanyoosha mkono.

"Simameni hapo."

"Hatuwezi kusimama!" walijibu kwa pamoja.

"Basi kaeni hapo. Nani kati yenu amekanyaga?"

Papa Patrice aliinua mguu kwa majivuno, akapita. Wengine walielezwa neno lile la Yanonge. Hakuna aliyebishana, kivuli kilikuwa hatua tatu tu. Walisogeza viti mpaka ukingoni, wakavua viatu, wakatumbukiza miguu na kukanyaga wakiwa wamekaa, Tonton Jérémie akisoma ukurasa wa saba kwa mapigo ya miguu. Mmoja mmoja akaruhusiwa kuruka na kiti chake mpaka barzani, ambako upepo wa mto uliwapokea. Mashangazi waliugua kwa raha. Chancelle alipanda wa mwisho.

Emile alibaki peke yake juani, viatu vya mamba miguuni.

Huko kivulini, ukurasa wa kumi na moja ulifikia swali la mwisho. "Mwanamume aseme mbele ya wazee," Tonton Jérémie alisoma, "mali ya nyumba yake ameipata wapi. Hatuozeshi binti yetu kwa mwizi."

Emile aliinama kufuta viatu vyake. Papa Patrice akajikohoza.

"Mi namusemea," alisema. "Mabati ni yangu. Siyo ya wizi. Yalibaki kwa dépôt miaka mbili, meusi vile nani atayanunua hapa? Nikajiwekea mwenyewe, nikapikwa. Mafundi ya kuyabomoa na kuyabeba waliniomba pesa mpaka nikalia. Ndipo huyu mutoto akakuja, anataka kuyabeba bure, kwa mufuko yake, na misumari! Nilificha uso nyuma ya ramani, kicheko kilinibana."

"Papa," Emile alisema kwa sauti ndogo, "we ulijua?"

"Emile, mi nauza bati miaka thelathini. Ubaridi gani unanuka mpiodi? Ile barafu ilitaka kuharibu kazi nzuri ya maman."

"Na miye?" Maman Viviane aliongeza kutoka shimoni. "Niko na nyumba saba za kujenga Makiso. Yule wa saruji, yule wa dawa, wote. Nilikuachia ubebe joto, kila mutu abebe anachopenda."

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani; lakini hapa mjinga alikuwa ameerevuka tangu zamani, ni Emile ndiye hakuambiwa. Heri angeitwa mwizi. Mwizi ana heshima yake. Yeye alikuwa amekuwa mpagazi, na mshahara alijilipia mwenyewe. Machozi yalimlengalenga, akayasingizia jasho.

Tonton Jérémie alikunja karatasi. "Wizi hakuna," alitoa hukumu. "Ujinga, desturi yetu haikatazi. Ndoa tunaikubali. Ila mutoto wangu hataingia ndani ya ile jiko la kioo. Ataingia siku utakuwa umejenga kama hii, kwa mguu yako. Na maneno bado hayajaisha mpaka bwana akae na sisi."

Wote walimtazama Emile. Emile alitazama shimo, akatazama viatu vyake.

"Emile," Chancelle alisema. "Toa viatu."

Alivitoa. Aliviweka juu ya jiwe, kimoja kando ya kingine, akakunja suruali, akaruka na kiti chake mpaka ukingoni, akatumbukiza miguu. Udongo ulikuwa baridi. Hakuwahi kujua.

"Si hivyo, ingénieur," Maman Viviane alisema. "Kisigino kwanza. Na kabla ya nyumba yako, utanipandia safou."

Ramani ilikuwa imemchomoka Emile mfukoni alipokuwa anaruka, ikaangukia kando ya barza. Chancelle alisogea na kiti chake mpaka ukingo wa barza, akaiokota, akaikunja mara mbili, akaanza kumpepea.